Kiti cha Msemaji

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Shabani, na kwenye hitma yake, katika ukumbi wa kukodi kule Hjulsta, mwanawe Musa alisimama akasimulia kisa ambacho karibu kila mtu mle ndani alikuwa amekwisha kukisikia kutoka kwa marehemu mwenyewe. Alisema kwamba mwaka 1972 baba yake alishinda nafasi ya kusoma bure mwaka mzima katika shule ya bweni ya watu wazima, na papo hapo jukwaani, mbele ya Waswidi, akampa binti wa Kikenya ambaye hakuwa hata ndugu yake. "Na yule binti," Musa akasema, akicheka kidogo kama baba yake alivyokuwa akicheka akifika hapo, "hakwenda. Baba amekufa hajui kwa nini." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja kando yangu akanong'ona, "Wengine ukiwapa bahati wanaitupa." Mimi nilitazama mlangoni, maana binti mwenyewe alikuwa ameketi pale, sasa bibi mwenye mvi, koti hajalivua. Nyokabi alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia dua japo ni Mkristo, kisha akainuka akatoka kabla pilau haijaletwa.

Nimefundisha maisha yangu yote. Nimewaeleza watoto wa watu sehemu za desimali, mzunguko wa damu na namna ya kuandika barua kwa ofisi ya kodi, na sijawahi kuchoka kurudia. Kisa hiki ndicho pekee ambacho sijakieleza kwa mtu. Hata pale ukumbini, nilipoombwa kusema machache, nilisema Mzee alikuwa mtu wa heshima zake, nikakaa. Basi nakieleza hapa, taratibu, tangu mwanzo. Nitangulize hili: katika watu nitakaowataja hakuna aliyekuwa na roho mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ungemlaumu ukalala.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasomea ualimu, na kila Alhamisi jioni nilisimamia duara la masomo Hässelby, mwisho wa reli. Asiyejua mambo ya huku nimweleze: Waswidi hupenda kujifunza wakiwa wameketi mviringo. Watu saba au wanane wanapewa chumba, chupa ya kahawa na karatasi ya mahudhurio, na mmoja wao anaitwa kiongozi ingawa hatakiwi kuongoza sana. Chumba chetu kilikuwa chini ya jengo la ghorofa, nyuma ya mlango mzito wa chuma, kwa sababu kilijengwa kiwe mahali pa kujificha vita vikija. Ukuta wa pili palikuwa na chumba cha kufulia cha wapangaji. Mashine zilipofika kwenye kukamua, meza yetu ilitetemeka na vikombe vikatembea vyenyewe. Palinuka sabuni na maandazi yao ya mdalasini na iliki. "Hawa watu," Mzee Shabani alizoea kusema akilivunja andazi, "iliki wameijulia wapi?"

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa amekaribia miaka hamsini, mtu wa Tanga, aliyekuja na meli ya mizigo akiwa mpishi na kushuka asipande tena. Kazi yake wakati ule ilikuwa ghalani, kupanga marobota ya karatasi. Ndiyo miaka Waswidi walipoamua kuacha vyeo na kuitana wote sawasawa, daktari na mfagiaji, kwa jina la kwanza. Kwao ulikuwa ukombozi, na nadhani ulikuwa kweli. Kwa Mzee ilikuwa kama kuvuliwa kanzu sokoni. "Mwalimu," aliniambia, "mtoto wa kumzaa mimi! Shabani, leta hiki. Shabani, sogea. Hata shikamoo ya uongo hakuna." Chumbani kwetu alikuwa Mzee. Alipoingia tulisimama, tukamwamkia mmoja mmoja, naye akaitikia mmoja mmoja, na uso wake ukarudi mahali pake. Nilikuwa nauona ukirudi.

Nyokabi alikaa siku zote karibu na mlango kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja, jikoni hospitalini, na alichelewa dakika chache. Alitoka upande wa Nyeri. Familia moja ya wamishonari ilimleta kulea watoto, watoto wakakua, akabaki. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa na akili ambayo mwalimu hukutana nayo mara mbili tatu tu. Ulimweleza jambo mara moja, kisha akakuuliza swali lililokuonyesha kwamba wewe mwenyewe hukulielewa. Alitaka kuwa muuguzi. Ili aingie uuguzi alihitaji cheti cha shule ya hapa, na cheti kilipatikana kwa mwaka mmoja wa kusoma mchana, mchana ambao yeye alikuwa akiosha sufuria za kuenea mtu mzima ndani. Wa nne wa kumtaja, nikijihesabu mimi, ni Ilunga, fundi wa magari kutoka Lubumbashi, ambaye alikuja zaidi kwa ajili ya kucheka.

Majira ya baridi yale chama kilichosimamia maduara ya mtaa wetu kilitangaza mashindano ya maswali. Kila duara lipewe mada, liisome, lije lijibu hadharani. Mratibu, mama mmoja mkarimu aitwaye Gunvor, alituletea yetu mwenyewe, akiwa na furaha kama mtu aliyekuchagulia zawadi: ufalme wa Uingereza, namna kiti kinavyorithiwa na namna mfalme anavyojiuzulu. "Ninyi mnaijua Uingereza," alisema. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Tulitoka katika nchi zilizoishusha bendera ile juzi juzi tu, na huku, kaskazini ya dunia, tulikuwa bado tunakabidhiwa wafalme wake. Lakini Mzee alijinyoosha kitini. Aliwajua wote kwa majina na kwa mpangilio, kwa fimbo ya shuleni. Akaanza kuwataja palepale, na Gunvor akapiga makofi.

Kila duara lilitakiwa kuwa na msemaji. Wenzake wangeweza kumnong'oneza, lakini jibu lililohesabiwa ni lililotoka kinywani mwake. Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo Waswidi wasingeweza kulifanya hata wakijaribu. Kwao msemaji ni kazi, kama kufuta ubao. Kwetu palikuwa na kiti mbele ya watu, na Mzee alikuwepo. "Mzee akiwapo, nani atakaa mbele yake?" nikasema. Nyokabi mwenyewe akasema, "Ni Mzee tu." Nikaandika jina lake kwenye fomu.

Wiki tatu baadaye, tulipokwisha kushinda raundi ya kwanza, Gunvor akatuambia zawadi. Msemaji wa duara litakaloshinda atapata mwaka mmoja katika shule ya bweni ya watu wazima, chakula na kitanda ndani. Walidhani kila duara lilikuwa limemweka mbele yule anayehitaji. Nakumbuka mashine za upande wa pili zilikuwa zimesimama. Nyokabi aliangalia mikono yake. Mzee aliona, maana hakuwa mtu asiyeona. "Mimi shule ya nini na umri huu?" akasema. "Nikalale bwenini na vitoto? Fainali atakaa binti yangu huyu." Tukapiga makofi. Ilunga akasimama akamwinamia Nyokabi. "Malkia wetu! Bon, ukishakuwa muuguzi unidunge sindano bila kuniumiza." Nyokabi akacheka, akafuta macho, akasema, "Wewe nitakudunga mbili."

Gunvor aliniachia fomu ya kubadilisha msemaji. Ilitakiwa sahihi ya msemaji wa zamani, na irudishwe wiki moja kabla ya fainali. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: nafasi ya shule haihamishiki, msemaji akiikataa, itakwenda kwa msemaji wa duara la pili. Niliusoma mstari ule mara moja nikauelewa. Nasema hivi ili nisijifiche nyuma ya Kiswidi changu cha wakati ule.

Sasa fikiria. Kumpelekea mtu mzima karatasi na kalamu, baada ya yeye kutoa neno mbele ya watu, ni kumwambia kwamba neno lake halitoshi. Niliitia fomu kwenye mkoba. Nilingoja aitake mwenyewe. Alhamisi ikaja, ikapita. Nilikuwa nikimimina kahawa huku nimepanga sentensi kichwani, "Mzee, ile karatasi...", halafu Mzee anasema, "Ahsante, Mwalimu, Mungu akuweke," na sentensi inanywea. Wakati mwingine niliuweka mkoba wazi juu ya meza, fomu ikichungulia, nikidhani ataiona. Ndiyo ujasiri niliokuwa nao.

Na wiki zilezile nilikuwa nawafundisha kujiuzulu! Niliwaeleza habari ya yule mfalme wa mwaka 1936, aliyetaka kuoa mwanamke aliyekuwa ameachana na mume mmoja na yuko njiani kuachana na wa pili. Serikali yake ikasema hapana, naye akaona bora aache kiti, ambacho hakuwa amekikalia hata mwaka, wala taji hajavishwa. Darasa lilichangamka. "Mais, mwanamke gani huyo!" Ilunga akasema. "Picha yake ipo?" Mzee hakupendezwa. "Mfalme haachi. Mfalme huondolewa, au hufa. Huyu alikuwa hajakua tu." Nikaendelea. Nikawaeleza kwamba alitia sahihi karatasi, nduguze watatu wakiwa mashahidi, na bado usiku ule alilala akiwa mfalme. Kesho yake bunge lilitunga sheria, na sheria ile ilihitaji ridhaa ya mfalme kama sheria nyingine yoyote. Kwa hiyo kazi yake ya mwisho ilikuwa kuridhia sheria iliyomwondoa yeye mwenyewe.

"Dada," Nyokabi akauliza, "na kama angesema tu kwa mdomo? Asiandike?"

"Angebaki mfalme."

"Hata kama kila mtu amemsikia?"

"Hata kama kila mtu amemsikia."

Hakunitazama mimi, wala Mzee. Alikuwa anaandika kwenye daftari. Kisha akauliza tena: "Na angeweza kusema, mimi nakiacha, nampa fulani?" Nikasema hapana. Kiti si chake cha kumpa mtu. Anachoweza ni kutoka tu. Nani anaingia, sheria imekwisha kusema kabla hajazaliwa. Ndiyo maana kikaenda kwa mdogo wake, na kwa binti wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekikalia wakati ule. Na sheria ile ya kujiuzulu iliongeza kwamba hata akija kupata watoto, hawatahesabiwa. Mzee alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Sheria za Wazungu," akasema, "hazina adabu." Ilunga akacheka. Mimi pia nikacheka, kwa woga, na nikapitisha maandazi.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilipita. Nyokabi alinifuata mpaka kituoni jioni ile, tukangoja treni pamoja. Ilikuwa Mei, jua bado liko juu kama alasiri. "Dada, umempa Mzee ile karatasi?" Nikamwambia Mzee ametoa neno, siku yenyewe atasimama atampisha, Gunvor ni mwelewa. "Lakini imeandikwa wiki moja kabla." Nikamweleza habari ya mtu mzima na neno lake. Nilieleza vizuri, mpaka treni ikaja. "Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Mimi sisemi Mzee ni mwongo. Mimi nasema karatasi." Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba yule mfalme aliyejiuzulu amefia Paris, mzee, hana mtoto. Nilipozima redio niliona mkoba wangu juu ya kitanda, nikaugeuza upande wa pili, kama kwamba ulikuwa unanitazama.

Fainali ilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule. Mzee alikuja na suti ya kijivu, kofia ya mkono iliyooshwa ikapigwa pasi, viatu vinang'aa. Ghalani alikuwa ametangaza, na wenzake wanne walikuja, wale vijana wenyewe wa Shabani-leta-hiki, na walipomwona wakakaa vizuri. Gunvor alitujia na orodha mkononi. Alisema fomu hakuipata, basi amedhani hakuna mabadiliko. Lakini kama yapo, tumwambie sasa kwa mdomo, yeye ataandika, hakuna shida. Alisema kwa Kiswidi, na alinisemesha mimi. Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu, anawapungia mkono wale vijana. Nyokabi alikuwa kando yangu. Alivaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona. Kiswidi alikijua kunishinda. Niliona kifua cha Mzee kilivyojaa chini ya suti ile. Nilidhani, kweli nilidhani, kwamba dakika hiyohiyo angegeuka na kusema, "Njoo, binti yangu." Nikangoja. Gunvor naye akangoja, kalamu juu ya karatasi.

"Msemaji ni yuleyule," nikasema.

Tulishinda. Mzee alijibu maswali manane kwa sauti ya mtu anayeadhini, na matatu ya mwisho yalikuwa ya Nyokabi, aliyeinama nyuma ya sikio lake akimpa majibu moja baada ya jingine. La kumalizia lilikuwa kama mtoto wa mfalme aliyejiuzulu angeweza kudai kiti baadaye. Mzee alifungua kinywa aseme ndiyo, maana kwake damu ni damu. Nyokabi akanong'ona, "Hapana, Mzee. Sheria iliwatoa." Akalijibu hivyo, na ukumbi ukapiga makofi, na wale vijana wa ghalani wakasimama wakaita jina lake. Halafu akafanya lile alilokuwa amelipanga moyoni tangu Machi, siku ile alipotoa neno. Sasa najua alikuwa amelipanga. Alitaka ashinde kwanza, watu wamwone ameshinda, ndipo atoe. Akamshika Nyokabi mkono, akamleta mbele, akasema kwa Kiswidi chake cha ghalani: "Mimi mzee. Mimi nampa huyu." Makofi yakawa makubwa zaidi. Kuna watu walilia.

Gunvor hakulia. Alinivuta kando, uso umeingia wekundu, akaniambia pole pole kwamba haiwezekani. Nafasi haihamishiki, je, hatukusoma? Msemaji ama aichukue mwenyewe ama aikatae, na akikataa ni ya duara la pili. Akaniomba nimtafsirie. Mzee alikuwa anapeana mikono na watu, jasho linamtoka, anacheka. Sijawahi kumwona vile, wala sikumwona tena vile. Nikamwendea. "Mzee," nikasema, "wanasema... wanauliza kama wewe mwenyewe hutaki kwenda." Akanishika bega. "Waambie sitaki hata kidogo. Waambie ni ya binti." Nikarudi kwa Gunvor nikamwambia ameikataa. Akaandika. Nyokabi alikuwa amesimama katikati yetu, na alisikia pande zote mbili za mazungumzo, wa Kiswahili na wa Kiswidi. Nafasi ilichukuliwa na kijana mwenye ndevu nyekundu wa duara la kutazama ndege.

Jumatatu nilimfuata hospitalini. Jiko lile lilikuwa chini ya ardhi pia, mvuke mtupu, na yeye alikuwa na aproni ya mpira mpaka miguuni, anasugua sufuria na brashi ya mpini mrefu. Nilisimama kwenye maji na viatu vyangu nikamweleza. Nilimweleza kwamba Mzee alifanya kwa moyo safi. Kwamba ghalani hawamheshimu. Kwamba mimi nilidhani angekumbuka. Kwamba kanuni zile ziliandikwa na watu wasiotujua. Kwamba angeweza kuomba shule ile kwa njia ya kawaida, foleni ni ndefu lakini ningemsaidia barua. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Aliendelea kusugua mpaka nikamaliza, kisha akafunga bomba.

"Umeeleza vizuri, Mwalimu," akasema. Mpaka siku ile alikuwa ameniita dada. "Mimi nimeelewa kila kitu. Hata mbele nilikuwa nimeelewa. Sasa hayo yote enda umwambie Mzee. Yeye ndiye hajui. Anafikiri nimepata shule."

"Nitamwambia Alhamisi."

"Sawa. Usipomwambia, mimi sitasema. Siwezi kumwaibisha mzee wa watu. Lakini pia siwezi kukaa pale nikimwangalia akifurahi."

Alhamisi ile ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo ya kiangazi. Nilifika mapema, nikapanga viti, nikaandika mahudhurio. Upande wa pili mtu alikuwa ameanza kufua. Ilunga akaja, akauliza malkia yuko wapi, nikampa kikombe. Kisha Mzee akaingia, na tukasimama. Alikuwa amepika kashata za nazi nyumbani kwake, amezifunga kwenye karatasi ya ghalani, nazo zilikuwa za moto bado. Akaketi, akazifungua, akachagua iliyo kubwa akaiweka pembeni. Nilikuwa nimesimama mbele yake, sentensi iko tayari, nimeirudia njia nzima kwenye treni.

"Hii ni ya binti," akasema. "Hajaja? Au barua ya shule imekwisha kufika, ameshaanza kufunga mizigo?"

"Bado, Mzee," nikasema, nikamsogezea kahawa.